Saa Nne Bahari Haikuwepo

Nianze kwa kusema kwamba mimi nilikuwa na mpango. Watu wa nyumba yangu wakikuhadithia habari hii watakwambia, "Ndila alitupeleka Diani akatuchosha na ratiba yake." Usiwasikilize. Mpango ulikuwa mzuri, na kama kila mtu angefanya alivyoambiwa, nisingekuwa nimekaa hapa dukani kwangu Kikima nikishona kola za sare za shule na kubishana peke yangu kama mwendawazimu.

Mambo yalianza Agosti, tukivuna maharagwe. Tulikuwa shambani sote: mimi, mume wangu Kisilu, mama yake, na watoto wetu watatu. Mwongeli, kifungua mimba wangu wa miaka kumi na mitano, alikuwa hajanena neno tangu asubuhi. Siku hizi hunipimia maneno kama dawa ya kikohozi. Nikamwuliza kama anaumwa. Akanyoosha mgongo, akatazama matuta yote yaliyokuwa bado yanatungoja mpaka chini bondeni, akasema, "Mum, si unaona? Sisi hatujui kufanya kitu pamoja. Tunajua kufanya kazi pamoja, basi."

Halafu akainama, akaendelea kung'oa. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, maana hasira ningejua la kuifanya. Januari alikuwa aende bweni, gredi ya kumi, huko Kitui ng'ambo ya mto Athi, na mimi nimeona watoto wa wenzangu wakienda bweni. Anaondoka mtoto, anarudi mgeni anayeuliza taulo iko wapi. Ilikuwa imebaki Desemba moja tu. Nikaapa palepale, maharagwe mkononi, kwamba Desemba hiyo tutaenda baharini sisi watano, hatutashika jembe, na huyu mtoto atacheka pamoja nasi hata kama ni siku moja kabla hajaniondokea.

Nilianza kwa kutafuta ushauri, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniwanga. Jirani yangu wa duka ni Rahab, mtu wa Nyeri, mwenye saluni. Aliwahi kwenda Diani mara moja na wanawake wa chama chake, na tangu siku hiyo anaizungumzia bahari kama mtu aliyeichimba mwenyewe.

"Lazima mkuwe na ratiba," aliniambia, huku akimsuka mteja. "Bila ratiba watoto wanalala na simu, mnarudi nyumbani hamjaona kitu. Asubuhi, saa nne, swimming. Sisi tulikuwa tunaingia maji saa nne kila siku, jua bado iko poa. Halafu boti ya kioo, ile unaona samaki chini. Halafu ngamia. Na tisheti za rangi moja, mama. Bila tisheti mtajuana aje huko?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi watu wangu nawajua hata gizani, lakini alikuwa ndiye mtu pekee niliyemfahamu aliyewahi kulala Diani kwa starehe. Nikaandika kila alichosema kwenye simu. Saa nne, kuogelea. Saa sita, aiskrimu. Saa nane, boti ya kioo. Saa kumi, ngamia. Tisheti nilizishona mwenyewe, za rangi ya machungwa, kwa sababu ndicho kitambaa kilichokuwa kimebaki.

Jumapili moja tukitoka kanisani nikawakalisha wote mezani, kila mtu aseme kitu kimoja anachotaka kufanya baharini. Niliona hiyo ndiyo haki. Mwau, mwenye miaka kumi, alisema anataka kumwona papa akila mtu. Nikamwambia hilo halitawezekana. Akasema basi papa akila samaki mkubwa. Kisilu, ambaye kazi yake ni kujenga matangi na kuta za kuzuia mmomonyoko, alisema anataka kuona vile watu wa hoteli wanavyozuia maji yasile ardhi yao. Huyo ndiye mume wangu. Mpeleke mbinguni, ataanza kwa kuangalia mteremko.

"Na wewe, Mwongeli?"

"Chochote, Mum. Ni sawa."

Hiyo "sawa" ya Mwongeli mtu asiyeijua atadhani amekubali. Mimi naijua. Ikishasemwa, mazungumzo yamekwisha.

Akabaki Kathini, kitinda mimba, wa miaka sita. Alikuwa anachora ng'ombe kwenye kitambaa cha meza. Hata hakuinua macho. "Mimi nataka Susu aende."

Susu ndivyo watoto wetu wanavyomwita nyanya yao, mama yake Kisilu. Na hapa inafaa nieleze jambo, la sivyo utanidhania mimi ndiye mwenye makosa. Kathini amebeba jina la huyo nyanya. Kwetu, mtoto akipewa jina la mama yako, basi huyo ni mama yako. Kisilu hamwiti Kathini kwa jina. Humwita Mwaitu, yaani mama yangu, vile vile anavyomwita yule mama aliyemzaa. Hampigii kelele. Kuku akichinjwa, Mwaitu huulizwa kwanza anataka kipande gani. Mimi nilienda hospitali kujifungua mtoto, nikarudi nyumbani na mama mkwe wa pili.

Kisilu akafunga Biblia yake taratibu. "Mwaitu amesema."

"Baba Mwongeli, huyu ana miaka sita. Juzi alisema tununue twiga."

"Mama Mwongeli, mimi nimesikia Mwaitu akisema. Sasa unataka nifanye nini?"

Nilitaka afanye kama baba wa mtoto, lakini hilo sikulisema mbele ya watoto. Niliondoa vikombe mezani kwa kelele nyingi kuliko vilivyohitaji. Wakati naviosha nilimwona Kathini akikimbia kwenda kwa nyanya yake kupeleka habari, na mpaka leo siamini kwamba wazo lile lilikuwa lake peke yake.

Susu hakushangilia. Safari yake ya mbali kabisa maishani ilikuwa Sultan Hamud, na alirudi akisema kuna vumbi na wezi. Alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda, akavuta leso yake. "Nimesikia mnataka niende niangalie maji. Sawa. Lakini mahindi iko magoti na magugu imejaa. Mimi siwezi acha shamba hivyo niende kustarehe. Watu watasema nini? Tupalilie kwanza. Tuite mwethya."

Mwethya ni majirani. Leo wanalima kwako, wiki ijayo kwa mwingine, na siku yao ikifika kwako unawapikia mpaka washibe. Ni jambo jema na sina neno nalo. Lakini naomba uhesabu pamoja nami. Niliapa likizo hii hatutashika jembe. Na sasa, ili likizo ipatikane, ilinibidi kwanza nipike sufuria za muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, za kulisha kijiji kizima, halafu nishike jembe.

Mwongeli alipita mbele yangu siku hiyo na jembe begani. "Si ulisema hatutalima?"

"Hii ndiyo ya mwisho. Tukimaliza hapa, ni starehe tu. Nakuahidi."

"Sawa, Mum."

Nilipalilia mistari yangu na ya jirani kwa hasira. Susu alinisifu mbele ya watu, akasema hajawahi kuniona nikiwa na bidii hivyo.

Siku ya kuondoka Susu alifika na mitungi ya maji. Si chupa, mitungi, ile ya manjano, imejazwa mpaka juu na kuzibwa kwa karatasi ya nailoni. Kisilu alikuwa ameazima gari la ndugu yake Mbaluka, pikapu ya safu mbili za viti, na nyuma yake nilikuwa nimepanga kila kitu vizuri: mikoba, magodoro ya kupuliza, ndoo na koleo za plastiki za Kathini za kuchezea mchanga.

"Mwaitu," nikamwambia kwa adabu zote nilizokuwa nazo, "kule tumekodi nyumba. Iko na mfereji."

"Mfereji ya nani? Ya maji ya chumvi? Mimi sijaenda huko lakini sijakosa masikio." Akaweka na kopo lake la bati juu ya mitungi, lile analotekea maji tangu nimjue.

Inafaa ujue kwamba Susu hakuzaliwa huku Mbooni juu, kwenye ubaridi na chemchemi. Aliolewa kutoka Kalawa, kule chini kwenye joto, ambako mto ukikauka watu huchimba mchanga wake mpaka maji yatokeze, wakayateka kwa kopo shimoni. Mtu wa huko haendi popote bila maji. Kila mwaka tukimaliza kuvuna, watoto wangu huenda naye wiki kadhaa kwa ndugu zake. Mimi siendi, kwa sababu ndio msimu wa sare na duka haliwezi kufungwa. Kwa hiyo mitungi ilipanda gari, magodoro mawili yakashuka.

Tulifika Diani alasiri. Na kweli, sitasema uongo, nilipoiona ile bahari nilisahau kila kitu kilichoniudhi tangu Agosti. Ilikuwa imejaa mpaka karibu na ngazi za nyumba tuliyokodi, ya buluu, inapumua. Mwau alipiga mayowe. Kathini alijificha nyuma ya leso ya Susu. Mwongeli alivua viatu, akasimama maji yakimlamba vidole, kisha akanigeukia na uso ambao sikuwa nimeuona tangu alipokuwa mdogo.

"Mum, tuingie?"

Usiniangalie hivyo. Tulikuwa tumetoka nyumbani alfajiri. Chakula hakijapikwa, vitu viko kwenye gari, Susu amevimba miguu. Na ratiba ilikuwa imesema.

"Kuogelea ni kesho saa nne," nikamwambia. "Leo ni kupanga vitu na kula. Kesho tutaingia mpaka uchoke."

Akaitazama bahari, akanitazama mimi, akavaa viatu vyake. "Sawa."

Nilihisi vibaya, lakini nilijiambia kesho haiko mbali.

Asubuhi niliwaamsha wote mapema. Uji, tisheti za machungwa, mafuta ya jua. Mafuta hayo Susu alikataa, akasema jua lenyewe ni lile lile la Kalawa. Ilipogonga saa nne niliwapanga mlangoni kutoka mkubwa hadi mdogo, taulo begani, nikafungua mlango.

Bahari haikuwepo.

Sikuelewa. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Palipokuwa na maji jana palikuwa na mchanga mtupu, umelowa, unaenda mbali kiasi cha kuchosha macho, na kule mwisho kabisa kulikuwa na mstari mweupe mwembamba. Mashua zilikuwa zimelala ubavu kwenye mchanga. Moja ndiyo ile ya kioo. Mwenyewe alikuwa amekaa kivulini mwake anakunywa chai.

Nilimwendea mbio. "Bwana, samahani. Bahari imeenda wapi?"

Akanitazama, akaitazama tisheti yangu, akaelewa. "Maji yamekupwa, mama. Yatarudi. Alasiri yatakuwa yamejaa kama jana."

"Lakini sisi kuogelea kwetu ni saa nne."

"Naam," akasema kwa upole. "Bahari haikuambiwa."

Nilimwuliza kama kuna bahari nyingine hapo karibu. Nakiri niliuliza. Akasema hapana, ni hiyo hiyo moja. Nikatoka hapo nikimlaani Rahab, mwanamke aliyelala Diani siku kadhaa asijue kwamba maji huondoka, au akajua na asione umuhimu wa kuniambia. Huko kwetu mto ukiondoka huondoka kwa msimu mzima na kila mtu ana habari. Nani angefikiri kwamba maji mengi kiasi kile yanaweza kuondoka asubuhi na kurudi jioni kama mtu wa ofisi?

Niliporudi, Mwau aliniuliza kama papa ameenda pamoja na maji. Kisilu alikuwa tayari amechuchumaa kwenye ukuta wa jirani anakagua saruji. Mwongeli hakuuliza chochote. Alikaa kwenye ngazi, akavuta tisheti ya machungwa ikafunika magoti, akatoa simu yake. Hata "sawa" hakunipimia. Nilisimama pale na taulo zangu. Nilikuwa na siku chache tu na huyu mtoto, na jana, alipotaka kuingia, bahari ilikuwa miguuni pake.

Susu alishuka ngazi polepole. Alisimama kwenye mchanga, akaukanyaga kwa kisigino, akaukanyaga tena. Halafu akapanda tena, akachukua lile kopo lake, na kwa mkono mwingine akamshika Kathini na ndoo yake ya plastiki.

"Mwaitu, mnaenda wapi?"

"Kuchimba."

"Kuchimba nini?"

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayefundisha mtoto mzito. "Mama Mwongeli, maji ilikuwa hapa jana. Leo hakuna. Imeenda wapi kama haijaingia chini?"

"Mwaitu, hii ni bahari! Si mto wa Kalawa!"

"Mchanga ni mchanga," akasema, na akapiga magoti.

Wageni wa hoteli walikuwa wameanza kutoka na viti vyao vya kitambaa. Nikaangalia mama mkwe wangu, mwenye miaka zaidi ya sabini, amevaa tisheti ya machungwa juu ya rinda la kanisani, akichota mchanga wa Diani na kuutupa nyuma. Kathini alikuwa upande wa pili na koleo lake la plastiki. Mwau alitupa taulo akaingia. Nilimgeukia Kisilu anisaidie, lakini mume wangu hawezi kuvumilia kuona shimo linachimbwa na kingo zimepinda. Alishafika. "Hapana, hapana, Mwaitu, pande hii itamomonyoka," nikamsikia, na hata sijui alikuwa anamwambia Mwaitu yupi.

Nilikasirika. Nasema wazi. Nilipalilia shamba zima ili nije mahali ambapo hakuna kuchimba. Niliendeshwa mchana kutwa, nimekalia mtungi. Na watu wangu, wakipewa bahari, jambo la kwanza wanalofanya ni kuilima. Mzungu mmoja alisimama akatupiga picha. Nilitamani mchanga ufunguke unimeze, na kwa vile walivyokuwa wakienda nilikuwa karibu kupata nafasi.

Maji yalitokeza haraka. Susu akateka, akaonja, akatema. "Chumvi! Hapa tuko karibu sana. Tupande juu."

Wakachimba shimo la pili. Chumvi. Wakapanda tena, mpaka chini ya mnazi uliokuwa karibu na ngazi zetu, na hapo mchanga ulikuwa mkavu na wenye kina. Shimo likaenda chini mpaka mkono wa Susu haukufika tena. Akakaa kitako, akapangusa jasho, akaita bila kugeuza kichwa.

"Mwongeli! Mtu wa shimo ni nani?"

Nilifumba macho. Nilijua atakachojibu.

Nilipoyafumbua, simu ya Mwongeli ilikuwa imewekwa kiganjani mwangu na mwenyewe alikuwa amenipita. "Mnachimba vibaya," alikuwa akisema. "Dad, hii mchanga mmeweka karibu, itarudi yote ndani. Mwau, toka hapo, unakanyaga mdomo. Susu, nipe kopo."

Akaingia shimoni mpaka kiunoni, akapinda mgongo, na mchanga ukaanza kuruka. Sijawahi kuona mtu akichimba hivyo. Alikuwa akizunguka taratibu, anakata kidogo huku, anagandamiza kule kwa kiganja ili ukuta ushike, anaimba kitu chini ya pumzi. Alipiga kelele, akaamrisha, akamtania baba yake kwamba ukuta wake ni wa hoteli si wa watu. Mimi huyu mtoto ninaishi naye. Sauti ile sikuijua.

"Mbona washangaa?" Susu akaniuliza. "Huyu ndiye anatuchimbia Kalawa. Kila mwaka. Hata wajomba wanamngoja afike. Hukuwa unajua?"

Sikuwa najua. Nilidhani akienda Kalawa hukaa kwenye kivuli na simu. Hakuwahi kuniambia, na mimi kila aliporudi nilimwuliza kama nguo zake zimefuliwa.

Simu yangu ililia mfukoni. Ilikuwa kengele niliyoitega mwenyewe: saa sita, aiskrimu.

"Mum!" Kichwa cha Mwongeli kilitokeza, kimejaa mchanga mpaka kwenye nyusi. "Unasimama tu? Shika kopo! Maji imeanza kutoka na hakuna mtu wa kupokea!"

Nilizima kengele. Nikaweka simu zote mbili juu ya taulo, nikapiga magoti kwenye mchanga na tisheti yangu mpya. Mwongeli akateka, akanipa mimi, mimi nikampa Mwau, Mwau akampa Kathini, Kathini akamwaga kwenye ndoo ya plastiki na nusu miguuni pake. Kisilu alisimamia kuta. Tulikuwa tukigombana muda wote. Mwau alikuwa mzembe, Kisilu alikuwa akitoa amri zisizohitajika, mimi niliambiwa ninashika kopo kama mtu wa mjini. Chakula cha mchana hakuna aliyekikumbuka. Maji yalipotulia, Susu aliletewa kopo la kwanza, kama inavyostahili. Akaonja. Sote tukamwinamia, hata yule mwenye mashua ya kioo aliyekuwa amesogea kutazama.

"Ng'ombe angekunywa," akasema Susu hatimaye. "Mtu, aiee."

Huko kwao shimo la maji huzungushiwa miiba ili mbuzi wasitumbukie. Kathini alishakusanya makuti na kuyapanga kuzunguka shimo, akimkaripia kila aliyepita karibu. Mwongeli alikuwa bado ndani, anataka kwenda chini zaidi, anasema mkono mmoja tu hivi tutapata maji matamu. Hakuna aliyeangalia nyuma. Kwa hiyo hakuna aliyeona bahari ikirudi.

Wimbi la kwanza lilikuja dogo, likayachukua makuti ya Kathini. La pili liliingia shimoni lote kwa mpigo. Ukuta wa Kisilu ukaanguka, wa Mwongeli ukaanguka, na binti yangu akazama mpaka shingoni katika uji wa mchanga huku akipiga mayowe. Niliruka nikamshika mkono mmoja, baba yake mwingine, tukavuta, tukaanguka, wimbi la tatu likatupitia juu sote. Nilipopata pumzi nilisikia bado anapiga mayowe, halafu nikasikia si mayowe. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama, amenishika shingoni, kamasi na mchanga na chumvi, akajaribu kusema kitu akashindwa, akaanza tena.

Hivyo ndivyo tulivyoingia baharini. Susu alikuwa amekaa kwenye maji na rinda lake limeelea, ameinua kopo juu lisilowe.

Baadaye tukikaa kwenye ngazi tukijikamua, nilimwuliza. Sikuweza kujizuia, na hasira ya asubuhi ilikuwa haijaniisha yote. "Si wewe ulisema sisi tunajua kufanya kazi tu? Nimekuleta mpaka baharini usifanye kazi, ukachimba tangu asubuhi. Sasa hiyo ilikuwa nini?"

Mwongeli alifikiri, akitoa mchanga masikioni kwa pembe ya taulo. "Hiyo si kazi, Mum. Kazi huwa unapata kitu." Akaegemeza kichwa chake begani mwangu, kizito, kimelowa. "Hii tumepata nini?"

Nilikaa tuli nisije nikatikisa bega. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini uso wangu ulikuwa umeloa tayari, kwa hiyo hakuna aliyejua ila Kathini, ambaye alinipangusa kwa mkono wenye mchanga na kuniumiza jicho.

Kesho yake jua likichomoza tulibishiwa hodi. Alikuwa mwenye mashua ya kioo, amevaa shati safi. Nyuma yake bahari ilikuwa bado imejaa, inametameta. "Mmebahatika," alisema. "Maji bado yapo. Twendeni sasa hivi, mama, kabla hayajakupwa, watoto waone samaki."

Nilitaka kumkumbatia. Boti ya kioo, hatimaye, kama ilivyopangwa. Nilikuwa nimeshageuka kuwaamsha, nikamkuta Mwongeli amesimama nyuma yangu, miguu mitupu, kopo la Susu mkononi.

"Na hayo maji yatatoka saa ngapi?" akamwuliza.

"Saa tano hivi yatakuwa yamekwenda yote."

Akanigeukia na ule uso. "Mum, weka kwa ratiba."

Nikatoa simu, nikaandika. Saa tano, kuchimba.